Daktari wa magonjwa ya akili na mwanasaikolojia: mdogo wangu aanze kwa nani?

KakaMkubwa_Moro
Wakuu habari zenu. Naomba kueleweshwa hii ishu maana familia imegawanyika. Nina mdogo wangu wa kike yuko chuo mwaka wa pili, toka muhula huu uanze amebadilika sana, halali, chakula anakigusagusa tu, vipindi haingii, ukimpigia simu anajibu maneno mawili anakata. Sasa anasema anataka kuahirisha masomo. Shangazi yetu ni mwalimu, anasema tumpeleke kwa mwanasaikolojia, kuna mmoja anamfahamu hapa mjini. Binamu yetu mfamasia anasema tusipoteze muda twende hospitali kwa daktari wa magonjwa ya akili. Mama hataki kusikia neno akili kabisa, anasema mtoto ana mambo ya kiroho apelekwe kwenye maombi. Mimi kwa ufahamu wangu hao wawili wa kwanza naona kazi ni ileile, wanatofautiana jina na bei tu. Wajuzi, tofauti yao hasa ni nini na mtu anaanza kwa nani?

Fundi_Saa
Nakaa hapa nasubiri majibu, na mimi inanihusu.

MamaJunior_Tabata
Pole kaka. Mbona nyepesi hii, daktari anaandika dawa, mwanasaikolojia anaongea na wewe. Basi.

Dkt_Mtarajiwa
MamaJunior yuko sahihi ila ngoja niongeze nyama. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili kama yule wa upasuaji au wa watoto. Kasoma udaktari miaka mitano, kafanya intani mwaka mzima anazunguka wodi zote, halafu akarudi darasani kusomea ubingwa, kwa Muhimbili ni miaka mitatu mingine. Ndo maana anaweza kuagiza vipimo vya damu, kukulaza, kukuandikia dawa na kuangalia kama hiyo dawa inagombana na ya presha unayotumia. Mwanasaikolojia hajapita huko. Yeye kasomea jinsi mtu anavyofikiri, anavyojifunza, anavyokua, hisia zake na tabia zake. Na hapa wengi wanachanganya, digrii ya kwanza ya saikolojia haimpi mtu ruhusa ya kutibu wagonjwa. Anayetibu ni yule aliyeendelea na masta ya saikolojia tiba akafanyishwa kazi wodini na kliniki chini ya usimamizi. Alafu yupo wa tatu mnamsahau, mshauri nasaha, huyo anaweza kuwa kasoma kozi fupi ya ushauri tu, anasaidia sana kwenye msiba, ndoa, kupokea majibu ya vipimo, ila sio wa kumpa mgonjwa mzito. Kwa hiyo huyo wa shangazi muulizeni kwanza ni yupi kati ya hao.

Jembe_Halisi
Mnazunguka sana wasomi. Daktari wa akili ni wa wale waliorukwa, wanaookota makopo. Mwanasaikolojia ni wa wenye stresi. Dada yako hajarukwa, mpeleke kwa mwanasaikolojia, uzi ufungwe.

Neema_wa_Kaunta
Jembe uzi haufungwi kwa hilo. Mimi nakaa kaunta ya benki, nahesabu hela za watu kutwa nzima na hesabu inafunga, na nahudhuria kliniki ya daktari wa magonjwa ya akili. Sijawahi kuokota kopo. Nilipata sonona baada ya kujifungua mtoto wa pili, nilikuwa naangalia mtoto analia nasikia kama analia nyumba ya jirani. Nilianza na mwanasaikolojia, mama mmoja mtu mzima ana upole ajabu, ila mimi nilikuwa nafika kwake nakaa kwenye kiti silijui swali aliloniuliza, kichwa kimejaa ukungu. Yeye mwenyewe ndo akaniandikia barua akasema kamwone daktari kwanza, upate usingizi, ukirudi tutaongea. Nikaanzishiwa fluoksetini, dawa ya sonona. Nilivyoanza kulala ndo maongezi yakaanza kuingia. Sasa hapo niambie kilichonitibu ni nini, maana mimi siwezi kutenganisha.

MamaJunior_Tabata
Neema umeniliza asubuhi yote hii. Hongera kwa kusimama.

Dereva_wa_Makambako
Kwangu ilikuwa kinyume na Neema. Naendesha gari kubwa, siku moja napandisha Kitonga moyo ukaanza kwenda mbio, mikono ikafa ganzi, jasho, nikajua nakufa hapohapo nikapaki pembeni. Nilipimwa moyo mpaka nikachoka, kila hospitali wanasema moyo uko safi. Daktari mmoja wa kawaida tu ndo akaniambia hii inaitwa mishtuko ya hofu, moyo wako mzima ila mwili unapiga kengele ya hatari wakati hatari hamna. Akanipa rufaa kwa mwanasaikolojia wa hospitali. Yule dada hakunipa kidonge hata kimoja. Alinifundisha niwe naleta zile dalili mwenyewe, napanda ngazi za ghorofa mpaka moyo uende mbio, nakaa nao hapo bila kukimbia mpaka unashuka wenyewe, alafu naandika kwenye daftari nilichokuwa naogopa na kilichotokea kweli. Wiki kwa wiki. Kitonga napandisha mpaka leo. Mimi nasema mleta uzi aanze kwa mwanasaikolojia, dawa ni baadae ikishindikana.

Mtumishi_Mbezi
Wapendwa msimdharau mama. Mambo ya rohoni yapo. Nimeona kwa macho yangu binti aliyeshindikana hospitali akafunguliwa kwenye maombi.

Dkt_Mtarajiwa
Mtumishi hakuna aliyemdharau mama. Maombi na hospitali havigombani, watu wanafanya vyote. Shida inaanza pale wanapoambiwa wamwachishe dawa ili imani ionekane. Mtu wa kifafa ukimwachisha dawa ghafla anaweza kupata degedege mfululizo na kufa.

Mie_wa_Unguja
Assalaam aleikum. Kwetu huku Unguja mtu akisikia Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya akili, tu basi keshamalizika jina, watu wataona aibu mpaka kwenye posa. Kwa hivyo wengi huanza kwa shekhe, akasomewa, na masheikh wengine mashallah wanajua mipaka yao, utamsikia anakwambia huyu hana shetani huyu mpelekeni hospitali. Mie naona kaka angemtafuta mchungaji wa namna hiyo, mama atamsikiliza yeye kuliko shangazi na binamu pamoja.

KakaMkubwa_Moro
Nashukuru wote. Mie_wa_Unguja hilo la mchungaji nalichukua, yupo mmoja mama anamheshimu.

Prof_wa_Kijiweni
Naona wote mnazungumzia dawa na maongezi lakini hiyo sio tofauti yenyewe, hiyo ni matokeo. Tofauti iko kwenye ugonjwa wenyewe. Kuna magonjwa chanzo chake ni ubongo, skizofrenia ile ya kusikia sauti na kuona visivyopo, bipola ile ya kupanda sana kisha kuzama kwenye huzuni, kifafa, haya ni ya daktari. Na kuna matatizo chanzo chake ni maisha, umefiwa, umeachwa, umebakwa, umefeli, haya ni ya mwanasaikolojia. Ukijua chanzo umejua mlango wa kugonga. Na hakuna mwanasaikolojia duniani anayeruhusiwa kuandika dawa, ndo mpaka wao huo.

Mbongo_Albuquerque
Prof hapo mwisho umeteleza. Mimi niko New Mexico huku Marekani, huku toka 2002 sheria inaruhusu wanasaikolojia waliosomea masomo ya ziada ya dawa waandike dawa za akili. Louisiana wakafuata 2004, baadae Illinois, Iowa, Idaho na majimbo mengine. Hawaruhusiwi dawa zote, ni za akili tu, na wanatakiwa kushirikiana na daktari wa mgonjwa. Walipitisha kwa sababu vijijini madaktari bingwa hawapo. Madaktari walipinga sana na mpaka leo wanapinga.

Prof_wa_Kijiweni
Sawa hayo ni ya Marekani. Huku kwetu mpaka uko palepale.

BintiSerengeti
Prof mimi nakupinga kwenye chanzo. Dada yangu alikuwa na kila alama ya mtu mwenye matatizo ya maisha, ndoa imevunjika, kanuna, kanenepa, analala mchana kutwa, analia, anasahau. Kila mtu akasema ni ndoa. Akaenda kaunselingi muda mrefu, hamna kitu. Kuja kupimwa damu tezi ya shingoni imelala, haitoi homoni ya kutosha. Akapewa dawa ya tezi karudi kuwa mtu. Sasa kwa hesabu yako yeye chanzo chake kilikuwa maisha, kumbe shingo. Ndo maana mimi nasema lazima uanze kwa daktari, sio lazima bingwa wa akili, daktari yeyote atakayekuangalia mwili kwanza.

Nesi_wa_Wilaya
BintiSerengeti umesema jambo kubwa. Na mimi niongeze, wale wanaotumia dawa za VVU wa zamani wanakumbuka ile efavirenzi, watu walikuwa wanaota ndoto za kutisha, wengine huzuni, wengine mpaka kuona vitu ambavyo havipo. Ilikuwa dawa. Walivyohamishiwa dolutegraviri wengi waliacha kulalamika. Upungufu wa damu nao unamchosha mtu ukadhani sonona. Malaria ikipanda kichwani mtu anaongea ovyo ndugu wanakimbilia kwa mganga. Mwanasaikolojia mzuri anajua hilo na atakwambia nenda kapime kwanza, ila hana mamlaka ya kuagiza vipimo yeye mwenyewe.

Ila niwaambie ukweli mnaojadili mkiwa Dar. Wilayani kwangu hayupo huyu wala yule. Aliyepo ni mimi, nesi wa afya ya akili, na tabibu mmoja. Kliniki yetu nusu ya foleni ni wagonjwa wa kifafa maana kifafa Tanzania kinahudumiwa na kliniki za akili. Tunafuata mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2008 wa kumfundisha mhudumu wa kawaida kutibu sonona, kifafa, pombe, na magonjwa ya kurukwa na akili. Ninaongea na mgonjwa, tabibu anaandika amitriptilini ya sonona au haloperido ya kurukwa na akili, mzito tunampa rufaa mkoani au hospitali ya akili ya Mirembe. Kwa hiyo swali la nani aanze huku halipo. Unaanza na aliyepo.

Jembe_Halisi
Nesi dada nakupa maua yako. Ila Mirembe mtu akishaenda anarudi mzima kweli? Tulikuwa tunatishiwa nayo utotoni.

Nesi_wa_Wilaya
Wanarudi, na wengi. Anakaa wiki kadhaa anatulia anarudi nyumbani na dawa zake. Asiyerudi mara nyingi ni yule ambaye ndugu wamebadilisha namba za simu. Hilo nimeliona zaidi ya mara moja na linauma kuliko ugonjwa.

Mzee_Lushoto
Vijana mnajua kuwa Lutindi huku Korogwe kulikuwa na hospitali ya wagonjwa wa akili toka enzi za Mjerumani? Wamisionari waliiweka juu mlimani. Wagonjwa walikuwa wanalima, wanafanya kazi za mikono, na chai ya Lutindi ilikuja kujulikana. Wakati ule dawa za akili za kisasa hazikuwepo, largaktili iliyozifungulia njia imekuja kuanza kutumika kwa wagonjwa wa akili Ufaransa 1952. Kwa hiyo kazi na hewa ya mlimani ndo ilikuwa dawa. Wazee walikuwa wanatibu hivyo kabla ya hivi vyeo vyenu viwili.

Wa_Machakos
Salamu kutoka Kenya. Mzee hiyo ya Lutindi nimeipenda. Hapa kwetu Mathari Nairobi ilianza 1910, mahali palikuwa pa kutenga wagonjwa wa ndui, wakageuza. Kuhusu swali la huyu kaka, huku Kenya tuko na sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014, inasema lazima uwe umesajiliwa na bodi ndio ufungue ofisi. Lakini wasee wa kujiita wanasaikolojia kwa mitandao bado wamejaa, amesoma kitabu kimoja cha mafanikio ameanza kukuchaji. Kwa daktari ni rahisi, ukiuliza usajili wake unapata. Kwa hawa wengine uliza bila aibu: ulisomea wapi, ulifanyia mazoezi hospitali gani, nani anakusimamia. Mtaalamu wa ukweli hakasiriki ukimuuliza.

Fundi_Saa
Wa_Machakos umegusa penyewe. Mimi nilimfuata mmoja wa mtandaoni, nikamweleza matatizo yangu, kesho yake nakuta kaposti stori yangu bila jina lakini ukisoma unajua ni mimi, mpaka kijiwe changu kaandika. Toka hapo sijamwambia mtu kitu.

Dkt_Mtarajiwa
Fundi pole sana. Huyo hakuwa mtaalamu. Siri ya mgonjwa ni lazima kwa wote wawili, daktari na mwanasaikolojia. Anaweza kuivunja hasa pale anapoona unaweza kujiua au kumdhuru mtu, na hata hapo anaongea na wanaohusika, haposti. Kwa madaktari kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, unaweza kupeleka malalamiko.

Asha_Kigamboni
Naomba kuuliza, kwani hizo dawa hazimfanyi mtu zezeta? Kaka yangu alipewa sindano akawa anatembea kama mbao, shingo imepinda, mate yanatoka. Mama akasema bora kichaa chake.

Nesi_wa_Wilaya
Asha hiyo inatokea hasa kwa haloperido, misuli inakaza. Inatibika haraka, kuna dawa ya kulegeza inaitwa atani wanaompa pamoja, au wanapunguza dozi, au wanambadilishia. Tatizo familia ikiona hivyo inakimbia na hairudi kusema. Rudini mseme. Na sio dawa zote ziko hivyo, za sonona hazikazi shingo namna hiyo. Za sonona shida yake nyingine, mtu anataka apone kesho. Zinachukua wiki mbili mpaka nne kuanza kuonekana, wengine wiki sita, madhara madogo kama kichefuchefu yanakuja wiki ya kwanza kabla ya faida, kwa hiyo mtu anaziacha akisema zimemzidishia. Na ukishapona unaendelea nazo angalau miezi sita, na kuziacha unaachishwa taratibu na aliyekuandikia.

Prof_wa_Kijiweni
Mnaona? Ndo maana nasema tusikimbilie dawa kwa mtoto wa chuo. Mtoto kashindwa mazingira ya chuo, pengine kaachwa na mpenzi, pengine kasapu. Maongezi yanatosha.

Neema_wa_Kaunta
Prof umejuaje kama yanatosha? Hata sisi hatujamwona.

Msomi_wa_Nafsi
Nimesoma uzi wote, mimi ni mwanasaikolojia tiba kwa hiyo niseme upande wetu maana naona tunaonekana watu wa stori. Maongezi tunayofanya yana mpangilio. Ile aliyofanyiwa Dereva ni tiba yenye hatua zake, ina idadi ya vikao, ina kazi za nyumbani, tunapima dalili kwa dodoso mwanzoni na mwishoni kuona kama zinashuka. Kwa mishtuko ya hofu, woga wa kupitiliza, mtu anayenawa mikono mpaka inachubuka, aliyepata kiwewe baada ya ajali au ubakaji, tiba hii inashindana na dawa na mara nyingi faida yake inadumu hata baada ya vikao kuisha. Na tuna vipimo vyetu ambavyo daktari hafanyi, uwezo wa mtoto kujifunza, kumbukumbu ya mzee aliyepata kiharusi, mtoto anayeshindwa kusoma shule wakamwita mjinga. Cha kushangaza aliyeanzisha tiba hii tunayoitumia sana, Aaron Beck, miaka ya 1960 kule Philadelphia, alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Kwa hiyo Prof ule mpaka unaouchora, walioanza hii kazi wenyewe hawakuufuata.

Ila kwa kaka mleta uzi nina maswali kabla sijasema chochote. Je, kabla ya hii huzuni aliwahi kuwa na kipindi cha kinyume chake? Halali lakini hachoki, anaongea haraka, mipango mikubwa, hela zinatoka? Kwenye ukoo yupo aliyewahi kulazwa au kujiua? Anatumia kitu chochote, bangi, pombe? Na umemuuliza waziwazi kama anawaza kufa?

KakaMkubwa_Moro
Umenishtua. Mwaka jana likizo ndefu alikuwa anakaa macho mpaka alfajiri, anafua usiku, anaongea hata humpati katikati, akachukua hela ya ada akanunua mitumba ya belo anasema anafungua duka tatu kwa mpigo. Sisi tukasema mtoto kachangamka, ana akili ya biashara, mama alifurahi kabisa. Alafu baba mdogo wetu alikuwa na ugonjwa ambao nyumbani haukusemwa, alifungiwa sana ndani. La kufa sijamuuliza, naogopa nisije nikamtia wazo.

Msomi_wa_Nafsi
Muulize leo. Kuuliza hakumpi mtu wazo, mara nyingi anapata nafuu kwamba mwisho kuna mtu kauliza. Muulize kwa sauti ya kawaida, unawaza kujiua? Akisema ndiyo muulize kama ameshapanga atafanyaje, usimwache peke yake, ondoeni dawa na sumu za panya na za shamba mnapokaa, na hospitali muende hapohapo iwe usiku iwe mchana, idara ya dharura, msisubiri miadi ya mtu yeyote, hata ya mimi.

Na kwa ulichoeleza sasa mimi mwanasaikolojia nakwambia anza kwa daktari wa magonjwa ya akili. Sisemi ni bipola, siwezi kusema hivyo kupitia simu. Ila kama kuna uwezekano huo, ndo sababu hata binamu yako mfamasia asimpe dawa ya sonona mkononi kwa kumwonea huruma, maana dawa ya sonona peke yake kwa mtu wa bipola inaweza kumrusha akarudi kule kwa kununua mabelo, na safari hii vibaya zaidi.

Dkt_Mtarajiwa
Nakazia kwa herufi kubwa. Na mkifika mwambieni daktari habari ya mwaka jana, msiseme huzuni tu, mgonjwa mwenyewe huwa hasemi kwa sababu kile kipindi kwake kilikuwa kizuri. Jambo lingine, kama ataandikiwa sodiamu valproeti, moja ya dawa za bipola, ulizeni maana ni msichana. Ile dawa ikikuta mimba inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa wasichana inaepukwa mpaka iwe hakuna namna. Lithiamu nayo ni nzuri ila inataka vipimo vya damu mara kwa mara, figo na tezi, kwa hiyo ulizeni kama hospitali yenu inapima kabla hamjaanza.

Prof_wa_Kijiweni
Bado sijashawishika. Kijana kununua belo na kukesha ni ujana. Nusu ya wafanyabiashara Kariakoo walianza hivyo, kwa ada.

Dereva_wa_Makambako
Prof lakini hao wa Kariakoo walikuwa wanafua usiku wa manane?

BintiSerengeti
😂😂 Prof jibu hilo.

Prof_wa_Kijiweni
Nawaachia. Nasema tu tusimbandike mtoto jina la ugonjwa wa maisha yake yote kwa posti mbili. Jina likishabandikwa halibanduki, ajira, ndoa, kila kitu. Mie_wa_Unguja amelisema hilo mapema na hakuna aliyelijibu.

Neema_wa_Kaunta
Hapo Prof nakuelewa kweli. Kazini kwangu anajua bosi mmoja tu. Cheti cha dawa nachukulia hospitali ya mbali na nyumbani, na sioni aibu kufanya hivyo.

Wa_Machakos
Hilo la aibu ndilo sheria pia ilikuwa inaongeza. Huku kwetu mtu akijaribu kujiua akakosa kufa, kipengele cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilikuwa kinamfanya mhalifu, familia inaogopa kumpeleka hospitali isije ikamkabidhi kwa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kipengele hicho kinapingana na Katiba. Ilichukua kesi ndefu kupata hiyo.

Asha_Kigamboni
Na kwa sisi tusio na hela? Maana kikao kwa kikao kila wiki nani anaweza.

Msomi_wa_Nafsi
Asha ukweli ni kwamba binafsi ni ghali. Hospitali za rufaa za serikali zenye kitengo cha akili mara nyingi mwanasaikolojia yuko ndani ya kitengo, unamwona kwa bei ya kliniki. Ustawi wa jamii pia wapo hospitalini, waulize. Vyuo vikuu vingi vina ofisi ya ushauri kwa wanafunzi, bure. Zimbabwe kuna daktari bingwa wa akili, Dixon Chibanda, alianza 2006 kufundisha bibi za mtaani Harare wakae kwenye benchi nje ya zahanati wasikilize watu kwa hatua maalumu, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha wagonjwa wa sonona walipata nafuu. Bibi hawana digrii.

Mzee_Lushoto
Mmeona sasa, bibi! Nilisema mimi.

Jembe_Halisi
Mzee hukusema bibi, ulisema chai 😂

Kijana_wa_Teja
Niseme kidogo. Mimi nimetoka kwenye unga. Kliniki ya methadoni, ile dawa ya kunywa ya kuachia unga, ya Muhimbili ilifunguliwa 2011, mimi niliingia baadae. Pale nilikuwa namwona daktari, nesi, mtu wa ustawi, na mshauri, wote jengo moja, asubuhi kikombe, mchana kikundi. Sikuwahi kujua yupi anaitwa nani. Kama kila mahali wangekaa jengo moja huu uzi usingekuwepo.

Upendo_Mbeya
Naomba nidandie. Mume wangu ana hali kama ya huyo binti, ila ni mtu mzima, hataki kusikia daktari wala mwanasaikolojia, ukitaja tu anasema namwita kichaa mbele ya watoto. Nimfanyeje?

Nesi_wa_Wilaya
Upendo usianze na neno akili. Anza na kinachomsumbua mwenyewe, kama halali mwambie tukaangalie hilo la usingizi na presha, daktari wa kawaida tu. Mara nyingi akikaa mbele ya daktari anaeleza yote mwenyewe. Na wewe unaweza kuja kliniki bila yeye ukaeleza hali ya nyumbani, tunakupokea, tunakwambia dalili za kuangalia. Wanaume wengi niliowaona walikuja baada ya mke kuja peke yake kwanza. Ila akigusia kufa au akiwa mkali kwako na watoto, hapo usimbembeleze, ita kaka zake mje naye.

Upendo_Mbeya
Kaka yake mkubwa yuko Tukuyu, wanasikilizana. Nampigia jioni akitoka shamba.